Ajali za jana zinavyopandisha bei ya bima ya wafanyakazi

Karakana mbili za mbao Nairobi zinaweza kuwa mtaa mmoja, na wafanyakazi idadi sawa na mishahara sawa, lakini zikalipa bima ya ajali kazini kwa bei tofauti. Kinachozitofautisha ni historia ya madai.

Nchini Kenya, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, maarufu kama WIBA, inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Kampuni ya bima hutazama jumla ya mishahara ya mwaka na hatari ya kazi, kisha huuliza: miaka iliyopita mmedai mara ngapi, na kiasi gani? Mwenye ajali nyingi hujiandaa kulipa zaidi.

Marekani wanavyopiga hesabu

Huko mchezo uko wazi zaidi. Majimbo mengi hutumia kipimo ambacho 1.00 ndiyo wastani. Kwa kawaida huangaliwa madai ya miaka mitatu, bila kuhesabu mwaka wa karibuni.

Kama ada ya msingi ni dola 100,000, mwenye kipimo cha 0.80 analipa 80,000. Mwenye 1.25 analipa 125,000. Yaani dola 45,000 zaidi kwa kazi ile ile, na ajali moja inaweza kumfuata bosi miaka mitatu mfululizo.

Tena ajali ndogo kumi huumiza kipimo kuliko kubwa moja ya gharama hiyo hiyo. Moja inaweza kuwa bahati mbaya, kumi ni dalili ya uzembe.

Tanzania: wote bei moja

Tanzania haikwenda njia hiyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hutoza asilimia ya mishahara. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1, ikashuka hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022, sawa na serikali.

Mwenye mishahara ya Sh milioni 20 kwa mwezi hulipa Sh 100,000, awe na ofisi ya wahasibu au machimbo ya kokoto. Ni rahisi na inatabirika. Ila aliyenunua glavu na kofia ngumu haoni nafuu kwenye mchango wake, na mzembe haoni adhabu humo.

Mtego wenyewe

Bei inayofuata historia humsukuma mwajiri aboreshe usalama. Pia humpa sababu ya kuficha. Fundi akikatwa kidole, anapewa hela ya dawa na kuambiwa yaishe kimya kimya. Rekodi inabaki safi, lakini kidonda kikileta ulemavu baadaye, hana karatasi ya kuonyesha.

Majimbo mengi ya Marekani yamejaribu kuziba mwanya huo: dai la matibabu pekee hupunguzwa kwa asilimia 70 kabla ya kuingia kwenye kipimo. Hivyo kuripoti jeraha dogo hakumuumizi sana mwajiri.

Kwa mfanyakazi wa Kenya, muda nao unahesabika: WIBA inataka dai lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Hela ya dawa mkononi haisimamishi saa hiyo. Kwa mwajiri, njia ya uhakika ya kushusha bei ni kuweka kinga kwenye msumeno, maana jeraha lililofichwa leo linaweza kurudi kesho likiwa kesi.