Usimpeleke mama bora kwenye kitimoto

Ndugu wafugaji, leo naomba niseme ukweli hata kama utawachoma wengine.

Mteja wa kitimoto akija, wengi mnamtolea jike aliyekua haraka, halafu yule mdogo aliyekosa mnunuzi ndiyo mnambakiza awe mzazi. Baadaye naulizwa, "Bwana mifugo, mbona nguruwe wangu anazaa watoto watano tu?" Sasa ulitegemea nini?

Mimi nasema, anza na mama yake. Chagua jike ambaye mama yake anazaa watoto 10 au zaidi na kuwalea mpaka wanaachishwa kunyonya. Kuzaa 14 ukabaki na 6 si sifa. Hapo ndipo daftari la kumbukumbu linapokusaidia kuliko macho.

Kisha mkague mwenyewe. Awe na chuchu zisizopungua 12, 14 ni bora zaidi, na zisiwe zimezama ndani. Mtoe atembee: miguu ikiwa mibovu, kumbeba dume itamshinda, na akilala atajibwaga juu ya watoto. Usimpandishe joto la kwanza. Subiri afikishe miezi 8 hivi, na dume asiwe ndugu yake.

Kumbuka, mimba ni miezi 3, wiki 3 na siku 3. Azae 4 au 12, pumba na mashudu utanunua vilevile.

Kwa hiyo uza wengine. Yule bora, hata mteja akipandisha bei, mwambie huyu hauzwi.