Kabla ununue baiskeli ya diski, muulize fundi wako

Mvua ikikupata pale Uthiru ukishuka Waiyaki Way kuelekea Westlands, hakuna anayejali baiskeli yako ni ya kampuni gani. Mathree iliyo mbele yako inasimama Kangemi bila kuwasha hata taa, makanga ananing'inia mlangoni akiita abiria, na wewe unafinya breki. Kama ni breki za rimu, kwa muda mfupi hivi husikii kitu. Mipira inapangusa maji kwanza. Gurudumu linazunguka mara moja, mara mbili, ndipo breki inashika.

Muda huo mfupi ndio unaowauzia watu diski. Ukienda leo kutafuta baiskeli ya resi ya mtumba, muuzaji atakuonyesha ile yenye sahani ya chuma katikati ya gurudumu, akwambie hizo nyingine zimepitwa na wakati. Na bei inapanda papo hapo.

Sisi tunasema hivi: kama unatoka Kawangware au Kinoo kwenda kazini au chuoni tao, na pesa zako ni za kuhesabu, nunua breki ambayo fundi wa mtaani kwenu anaijua. Kwa wengi wenu hiyo ni ya rimu.

Tusidanganyane lakini, diski ni breki nzuri. Inafinya sahani ndogo, ya milimita 140 au 160, ambayo iko mbali na maji na tope la barabarani, kwa hivyo inashika karibu sawa mvua au jua. Ya rimu inafinya ukingo wa gurudumu lenyewe, palepale panaporuka maji na mchanga. Ile Black Mamba ya guka, yenye vyuma virefu badala ya kebo, nayo ni ya rimu, ila mipira yake inavutwa juu kugonga rimu kwa ndani. Kila aliyeiendesha wakati wa mvua anajua kwamba unaanza kufinya mapema sana na kuomba Mungu.

Kisha kuna milima. Tao iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,660, Limuru ni zaidi ya 2,000. Anayeishi upande wa magharibi hushuka asubuhi akiwa na haraka, na Machi hadi Mei anashuka kwenye maji. Diski pia zinaruhusu tairi nene. Kalipa nyingi za rimu za baiskeli ya resi hazipitishi tairi zaidi ya milimita 28, na mashimo yetu unayajua. Binafsi nadhani hiyo tairi nene ni sababu nzuri ya kununua diski kuliko breki yenyewe, lakini huwezi kusikia muuzaji akiitaja.

Hata mabingwa walibishana. Chris Froome alizaliwa hapa Nairobi mwaka 1985, na alipokuwa kijana alikuwa akienda Kikuyu kujifunza kwa David Kinjah. Baadaye alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mapema 2021, baada ya kuhamia timu iliyotumia diski, alitoa video akisema hajaridhika nazo. Alikubali zinasimamisha vizuri, ila alilalamika kuhusu padi kugusa sahani na sahani kupata joto kwenye mteremko mrefu. Huyo ni mtu mwenye makanika wa timu nzima nyuma yake. Chama cha baiskeli duniani, UCI, kiliziruhusu rasmi kwenye mbio za barabarani Julai 2018 baada ya majaribio ya miaka kadhaa, na bado Tadej Pogačar alishinda Tour ya 2020 kwa breki za rimu. Siku hizi timu kubwa zote ziko kwa diski. Lakini wao hawanunui padi kwa pesa yao.

Wewe unanunua. Hapo ndipo maneno yako.

Mpira wa breki ya rimu unaupata karibu kila penye fundi na pampu. Anaubadilisha ukiwa umesimama hapo, anakaza kebo, unaenda. Padi za diski zina maumbo mengi sana, na ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwa kalipa ya nyingine. Zile za mafuta ndizo kichwa ngumu zaidi. Shimano hutumia mafuta ya madini, SRAM kwa miaka mingi imetumia DOT kama ile ya gari, na fundi akichanganya anaharibu mipira ya ndani. Hewa ikiingia kwenye paipu, lever inalala hadi kwa usukani na huna breki. Tone la oili ya cheni likidondokea sahani, padi zimekwisha kazi. Tumeona vijana wakiendesha na breki moja wiki nzima wakingoja padi iliyoagizwa. Breki ya rimu inayofanya kazi ni salama kuliko hiyo.

Kama lazima upate diski, na kwa anayeshuka kutoka Kikuyu kila siku tunamwelewa, tafuta ya kebo. Haina nguvu kama ya mafuta, lakini kebo ni kebo, fundi yeyote ataikaza. Na usikubali kuambiwa utabadilisha baadaye: fremu isiyo na mahali pa kufunga kalipa ya diski haigeuzwi.

Kwa mliobaki na rimu, ambao ni wengi, angalieni ukingo wa gurudumu. Rimu nyingi zina kijishimo au mstari mdogo; ukifutika, chuma kimekuwa chembamba na kinaweza kupasuka kwa presha ya tairi. Vumbi letu jekundu linakula rimu kama msasa, kwa hivyo pangusa baada ya mvua na utoe vipande vya changarawe vilivyokwama kwa mpira. Dakika tano tu.

Na kitu kimoja ambacho wengi hawajui: mtumba wa Uingereza kwa kawaida una breki ya mbele mkono wa kulia, wa Ujerumani au Uholanzi uko kushoto. Umezoea moja, unaazima ya beshte yako, unafinya kwa nguvu ukidhani ni ya nyuma, na unajikuta juu ya usukani. Jaribu kwanza mahali palipo tulivu. Wengine kwa kuogopa hilo hawagusi kabisa ya mbele, na ndiyo yenye nguvu nyingi ya kusimamisha. Ifinye taratibu, makalio yarudi nyuma kidogo.

Nanyi mnaouza: mkileta baiskeli za diski, leteni na padi zake, na mumwache mteja aizungushe barabarani kabla hajatoa M-Pesa. Kuna mahali tulikataliwa hilo juzi, eti tutaichafua. Tuliondoka bila kununua.