Chumvi Tusiyoionja Kwenye Mandazi

Anayepima siki na beking pauda kwa virutubisho atakuta vyote viwili havishibishi wala havijengi mwili. Kijiko kikubwa cha siki nyeupe kina takriban kalori 3 tu. Kilichomo ni maji na asidi kidogo. Tofauti kubwa iko kwenye sodiamu. Siki karibu haina, ilhali kijiko cha chai cha beking pauda huweza kubeba miligramu 400 hadi 500, karibu robo ya kiwango cha juu cha miligramu 2,000 kwa siku kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima. Kwa hiyo mwenye shinikizo la damu aliyeacha kunyunyiza chumvi mezani bado anakula sodiamu ile ile ya chumvi kwenye mandazi yaliyoumuliwa kwa beking pauda, bila kuionja.

Wapo watakaosema kijiko hicho hugawanyika kwa mandazi mengi. Ni kweli, lakini ni nani huishia kwenye moja? Na mara nyingi unga wenyewe umeshatiwa chumvi. Wengine watataja kalsiamu ya beking pauda. Ipo, ila glasi ya maziwa huitoa pamoja na protini, kwa sodiamu kidogo zaidi. Siki nayo isigeuzwe dawa: ikinywewa bila kuchanganywa na maji, asidi yake humomonyoa meno. Mahali pake ni kwenye kachumbari, ambako uchachu wake hupunguza haja ya chumvi.