Kabla ya kuongeza bwawa, tuzibe programu inayovuja

Sisi tunaoandika programu za tarakilishi tunaujua ugonjwa mmoja vizuri sana. Programu inavuja kumbukumbu: inaomba nafasi, inaitumia, kisha hairudishi. Baada ya siku mbili seva inaanza kujikokota kama matatu mbovu kwenye mlima. Mkubwa anauliza shida ni nini, na mvivu mmoja kwenye timu anajibu, "Tununue kumbukumbu zaidi." Inanunuliwa. Seva inakimbia wiki moja, halafu inalala tena. Pesa zimeenda na mvujo uko pale pale.

Leo nataka tuzungumze kuhusu maji ya Nairobi, na ugonjwa huo ndio mfano nitakaoubeba. Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga aanze kunoa kalamu: mji huu unahitaji vyanzo vipya vya maji, ndiyo, lakini unahitaji zaidi kujua maji uliyo nayo yanakwenda wapi. Kwa sasa tunanunua kumbukumbu.

Maji yanatoka wapi?

Jina lenyewe la Nairobi linatokana na maneno ya Kimaasai yanayohusu maji baridi. Lakini mito ya hapa haijatosha kwa miaka mingi. Chemchemi za Kikuyu ndizo zilizoanza kuulisha mji, likafuata bwawa la Ruiru mwaka wa 1950, kisha Sasumua miaka hiyo hiyo ya 50. Mwaka wa 1994 likakamilika bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lenye uwezo wa kuhifadhi takribani mita milioni 70 za ujazo. Hilo ndilo tegemeo kuu. Maji yake yanasafishwa Ngethu, halafu yanateremka kuelekea kwenye matangi makubwa ya Gigiri. Sehemu kubwa ya safari hiyo ni mteremko, kwa hivyo ni bei nafuu: ardhi yenyewe inafanya kazi ya pampu.

Tatizo ni kwamba vyanzo vyote hivi vikubwa vinanyonya kutoka upande mmoja, milima ya Aberdare. Mvua ndefu ikikosa huko, hakuna mahali pengine pa kukimbilia. Tuliona mwaka wa 2017. Mgao ulianza rasmi tarehe 1 Januari mwaka huo, bwawa la Ndakaini likashuka sana, na mji mzima ukajifunza neno "ratiba". Fundi yeyote wa seva atakwambia hiyo ni sehemu moja ambayo ikianguka, kila kitu kinaanguka nayo.

Serikali ilijibu kwa ujenzi. Handaki la Northern Collector, lenye urefu wa karibu kilomita 12, lilichimbwa ili kuchukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka Ndakaini. Lilikusudiwa kuongeza lita milioni 140 kwa siku. Bwawa la Karimenu II kule Gatundu nalo likajengwa. Ni kazi kubwa na siidharau. Mtu wa Ruiru au Juja aliyeona mfereji ukitoa maji hana haja ya kusikiliza hotuba yangu.

Sasa hesabu

Wakati wa ukame ule wa 2017, takwimu zilizotajwa mara nyingi zilikuwa hizi: mitambo yote ikifanya kazi sawasawa, mji unapata takribani lita milioni 525 kwa siku, huku mahitaji yakipita milioni 700. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti, na wengine wengi hulala Kiambu, Kajiado na Machakos na kushinda mjini.

Lakini kuna takwimu ya tatu ambayo haiingii kwenye hotuba za uzinduzi. Bodi ya kudhibiti huduma za maji, WASREB, huchapisha ripoti kuhusu kampuni zote za maji nchini. Ndani yake kuna maji yasiyolipiwa, yaani yale yaliyosafishwa, yakasukumwa kwenye bomba, kisha hayakuonekana kwenye bili ya mtu yeyote. Kwa Nairobi kiwango hicho kimekuwa kikitoka karibu asilimia 40 hadi karibu nusu, kutegemea mwaka. Bodi yenyewe husema kinachopita asilimia 25 hakikubaliki.

Chukua nusu ya milioni 525. Unapata zaidi ya milioni 260 kwa siku. Linganisha na milioni 140 za handaki.

Najua mtu atasema, na yuko sawa, kwamba si maji hayo yote yanayomwagika ardhini. Mengine yanaibwa kwa mabomba ya siri, mengine yanapita kwenye mita zilizozeeka zinazohesabu pungufu, mengine yanapotea kwenye bili zenyewe. Maji ya wizi bado yanamfikia mtu, ingawa mtu huyo huenda ni mwenye lori la maji anayewauzia majirani zako. Haya, tuseme nusu tu ya upotevu ndiyo mvujo halisi. Bado ni kiasi kinachokaribia handaki zima, na kiko tayari mjini. Kimeshasafishwa kwa dawa tuliyoilipia, na hakihitaji kumhamisha mtu yeyote Murang'a.

Mgao haupunguzi mahitaji

Watu wengi wanadhani mgao ni njia ya kubana matumizi. Sivyo. Mgao ni foleni, na foleni haimwondolei mtu shida yake, inamsubirisha tu.

Angalia kinachotokea. Ukiniambia maji yatakuja Jumatano na sijui kama yatakuja kweli, nitajaza kila chombo nilicho nacho. Mwenye uwezo ananunua tangi la lita 10,000 na pampu. Asiye na uwezo ana mitungi mitatu. Maji yakifunguliwa, tangi kubwa na mtungi mdogo vinashindana kwenye bomba moja kwa saa zile zile. Tangi lililo karibu na mwanzo wa bomba linashinda. Aliye mwisho wa mstari au juu ya kilima anapata hewa, na hewa hiyo ikipita kwenye mita inaweza kuizungusha na kuhesabiwa kama maji.

Kuna jambo baya zaidi. Bomba lililojaa maji wakati wote linasukuma nje, kwa hivyo uchafu hauingii. Bomba lililokauka halisukumi chochote. Penye ufa, maji machafu ya mtaro yanapenya ndani na kusubiri ufungulie mfereji. Katika mji pacha wa Hubli-Dharwad kule India, ambako mitaa kadhaa ilipewa maji ya saa 24 huku mingine ikibaki kwenye mgao, watafiti walipima sampuli za mifereji ya pande zote mbili. Upande wa mgao karibu thuluthi moja ya sampuli zilikuwa na vijidudu vya kinyesi. Upande wa saa 24, chini ya asilimia moja. Maji yalikuwa ya mji ule ule.

Na sasa kitanzi chenyewe. Njia rahisi ya kujua eneo linavuja kiasi gani ni kuweka mita kwenye bomba linaloingia eneo hilo na kuisoma saa tisa usiku. Watu wamelala, vyoo vimetulia. Yanayopita saa hiyo kwa wingi ni mvujo. Lakini palipo na mgao, saa tisa usiku ndipo matangi ya juu ya nyumba yanapojaa. Mita inazunguka na huwezi kujua ni tangi au ni ufa. Kwa hivyo mgao unaficha mvujo, na mvujo unaleta mgao. Mwandishi wa programu akiona kitanzi kama hicho anajua hakitakatika chenyewe.

Waliokata kitanzi

Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, mwaka wa 1993 ulikuwa unapoteza asilimia 72 ya maji yake. Nchi ilikuwa imetoka vitani na mabomba yalikuwa yameoza. Chini ya mkurugenzi Ek Sonn Chan waliweka mita kwa kila mteja, wakabadilisha mabomba, wakaunda vikosi vya kutafuta mivujo, wakaugawa mtandao katika kanda zenye vipimo vyake, wakawadai wakubwa waliozoea kutolipa. Kabla ya mwaka wa 2010 upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 6, na mji ukawa na maji saa 24. Kambodia haikuwa na pesa kuliko sisi.

Cape Town ni mfano wa upande wa pili, wa kubana mahitaji. Mapema mwaka wa 2018 kila mtu aliambiwa atumie lita 50 kwa siku. Jiji lilipandisha bei kwa watumiaji wakubwa, likapunguza msukumo wa maji mabombani, na likachapisha hali ya mabwawa kila wiki ili mwananchi aone mwenyewe. Matumizi ya jiji yalishuka kutoka zaidi ya lita bilioni moja kwa siku mwaka wa 2015 hadi karibu nusu ya hapo. Watu walikubali kwa sababu waliona namba.

Teknolojia peke yake haitoshi

Msinielewe vibaya. Sisemi tuandike programu ya simu halafu tupige makofi. Nairobi imejaribu mengi mazuri: MajiVoice ya kupokea malalamiko mwaka wa 2013, mpango wa Jisomee Mita ambapo mteja anasoma mita yake na kutuma kwa simu, na mashine za kuuza maji kwa kadi zilizoanza Mathare mwaka wa 2015 kwa senti 50 kwa lita 20. Kila moja ilisaidia mahali pake.

Lakini kule India kulikuwa na huduma iliyoitwa NextDrop, iliyowatumia watu ujumbe mfupi kabla maji hayajafunguliwa. Wazo zuri sana. Ilitegemea mafundi wanaozungusha vali mitaani wapige simu kila wanapofungua. Huduma ilipofika Bangalore, mafundi wengi hawakuripoti kwa wakati. Kazi yao ilikuwa nzito, na kuripoti kuliongeza mzigo bila kuwaongezea kitu. Programu ilikuwa safi, ila data iliyoingia ilikuwa na mashimo. Kwa hivyo, ndugu zangu wenye shauku ya kuandika programu, anzeni na yule fundi mwenye ufunguo wa vali. Mumlipe vizuri, mumsikilize, ndipo mfikirie skrini.

Ninachopendekeza

1. Chagueni eneo moja, moja tu, lenye watu wa kawaida na si mtaa wa mabalozi. Lizungushieni mita, lipeni maji saa 24 kwa miezi sita, msome namba za usiku na mzibe mivujo. Maji yatakayookolewa yafungue eneo la pili. Kitanzi hukatwa kipande kwa kipande.

2. Ratiba ya mgao itolewe kama data, si picha ya karatasi. Na kando ya saa zilizoahidiwa ziwekwe saa ambazo maji yalitoka kweli. Ratiba bila rekodi ya utekelezaji ni ahadi ya siasa.

3. Kila kanda ichapishe namba tatu kila mwezi: maji yaliyoingia, yaliyolipiwa, na msukumo mwisho wa bomba. Namba hiyo ya tatu ni ya yule mtu wa juu ya kilima.

4. Bei ihesabu watu, si mita. Bei inayopanda kwa ngazi ina nia njema: anayetumia kidogo alipe kidogo. Lakini ploti yenye vyumba ishirini na mita moja, kila chumba kikitumia mita nne za ujazo kwa mwezi, inaonekana kama mtu mmoja anayetumia themanini. Bila kanuni ya kuhesabu vyumba, maskini ishirini wanaadhibiwa kama tajiri mmoja mwenye bustani.

Kuna watakaosema haya ni mambo madogo madogo. Ni kweli, kuziba ufa hakuna utepe wa kukatwa wala jiwe la kuzindua, na hakuna mwanasiasa anayepigwa picha akisoma mita saa tisa usiku. Ndiyo maana ni lazima tuyadai sisi. Mama anayenunua mtungi kwenye mkokoteni analipa kwa kila lita kuliko mwenye mfereji ndani ya nyumba, na tofauti hiyo ndiyo kodi ya mvujo. Inalipwa kila siku, kwa sarafu, na aliye na uwezo mdogo zaidi wa kuilipa.

Tukimaliza bwawa lingine kesho, nitafurahi. Lakini nitauliza swali lile lile ninalomuuliza anayetaka seva mpya: ile ya kwanza umeipima?