Kuanika Nguo Katika Uchumi wa Nyumba

Katika ukurasa huu wa mambo ya nyumbani tumezoea kuwakumbusha ndugu zetu, wake kwa waume, kwamba uchumi wa nyumba ya Kiislamu haujengwi kwa mapato makubwa tu, bali hujengwa zaidi kwa kuvichunga vidogo vidogo vitokavyo kila siku bila ya kuonekana. Mwezi huu twapenda kulizungumza jambo ambalo huenda wengi wakalidharau kwa udogo wake, nalo ni kuanika nguo.

Zamani kila ua ulikuwa na kamba yake, na jua na upepo vikafanya kazi yao. Leo mashine za kukaushia nguo kwa umeme zimeingia katika majumba mengi ya ndugu zetu walioko Uarabuni, Ulaya na Marekani, na hata katika baadhi ya majumba ya miji yetu. Hatusemi kuwa mashine hiyo ni haramu. Mwenye udhuru wa maradhi, wa uzee au wa baridi kali ana hoja yake. Tusemalo ni kwamba yampasa mtu ajue anatoa nini na anapata nini.

Basi na tupige hesabu. Mashine ya kawaida ya namna hiyo hula kiasi cha uniti 2 mpaka 4 za umeme kila inapokausha nguo mara moja. Tukishika kadiri ya kati, yaani uniti 3, nyumba yenye watoto inayokausha mara 4 kwa juma itatumia uniti 12 kwa juma, na kwa mwaka mzima uniti 624. Kila msomaji na azidishe hesabu hiyo kwa bei ya uniti ya mji wake, ataona ni fedha ngapi zilizokwenda kununua kazi ambayo jua lingaliifanya bure. Nasi twajua kuwa katika Sura ya Al-Israi, aya ya 26 na ya 27, Mwenyezi Mungu amekataza ubadhirifu kwa makemeo makali; na katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake washikao njia ya katikati baina ya israfu na uchoyo.

Ama wasio na mashine wasidhani kuwa maneno haya hayawahusu. Umeme wao hupotea katika pasi. Pasi ya wati 1000 hula uniti 1 kwa kila saa inayowaka, na nguo iliyokunjamana kambani hutaka muda mrefu. Dawa yake ni kuikamua nguo vizuri, kuikung'uta kwa nguvu, na kuinyoosha kola na mishono kwa mkono kabla ya kuitundika. Shati libanwe pindoni, na kanzu itiwe katika henga. Iachwe nafasi baina ya nguo na nguo, kwani upepo ndio uuchukuao unyevu. Nguo za rangi zigeuzwe ndani nje, zisipauke kwa jua. Shuka na taulo zikikunjwa vyema mara zinapoanuliwa hazina haja ya pasi.

Walakini akiba hii ina masharti yake, na la kwanza ni afya. Katika nchi zetu za Afrika yuko nzi atagaye mayai yake mchangani na juu ya nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Funza wake huingia katika ngozi ya mvaaji na kufanya jipu. Penye nzi huyo, nepi za watoto na nguo za ndani zianikwe juu, penye jua, zikauke kabisa, kisha zipigwe pasi ya moto pande zote mbili na katika mishono. Hapo pasi si israfu, bali ni kinga.

Sharti la pili ni twahara. Wako wanaodhani kuwa nguo iliyoingia mkojo ikianikwa juani mpaka harufu ikaondoka, basi imetwahirika. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ifuatwayo na walio wengi katika pwani yetu, jua halitwahirishi nguo. Hapana budi ioshwe kwa maji twahara. Tena nguo mbichi ikigusa najisi hunajisika, hata ikiwa imetoka kufuliwa sasa hivi. Kwa hiyo kamba na itazamwe na kusafishwa kabla ya kuanikia, maana ndege hutua juu yake.

Sharti la tatu ni haki ya jirani, ambaye Jibrili alimuusia Mtume wetu (s.a.w.) juu yake mara kwa mara. Akaaye ghorofa ya juu asitundike nguo zichuruzikazo maji juu ya nguo kavu za wa chini, wala kamba isizuie njia ya watu. Na nguo za ndani zitundikwe kamba ya katikati, baina ya shuka na kanga, zipate upepo na sitara pamoja.

Wakati wa masika, na katika nchi za baridi, nguo huanikwa ndani. Maji yatokayo humo huingia katika hewa ya chumba, na yasipopata pa kutokea huleta ukungu ukutani, wenye kuwadhuru hasa wagonjwa wa pumu. Ichaguliwe sehemu moja wasimolala watoto, mlango ufungwe na dirisha lifunguliwe.

Mwisho, twawaambia waume: akiba inayopatikana kwa mgongo wa mama peke yake si akiba. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alipokuwa nyumbani akizifanya kazi za watu wa nyumba yake. Basi baba na atundike, na vijana waanue. Na fedha iliyookolewa iwekwe mbali, ilipe ada ya madrasa au imfikie mwenye haja, isije ikatoka kwa mlango mwingine.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitambua neema zake. Amin.