Kauli Njema Nayo ni Dawa

Juzi barazani kwetu, hapa Mombasa, palizuka mabishano juu ya jamaa zetu wanaosafiri kwenda Bara Hindi kutibiwa. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba wanafuata mashine. Mimi nilikataa, kwani niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu.

Mwaka 2018 nilimsindikiza shangazi yangu hadi Chennai kupasuliwa moyo. Ukoo mzima ulichanga na kiwanja kikauzwa. Mji ule umezoea wageni: hospitali ya Apollo ilifunguliwa huko mwaka 1983, na serikali ya India hutoa viza maalumu kwa mgonjwa na kwa anayemuuguza.

Katika hospitali tuliyokwenda, daktari alivuta kiti, akachora moyo kwenye karatasi na kueleza pole pole, nami nikimfasiria shangazi. Gharama tuliandikiwa kabla ya kisu. Shangazi alipoomba ahudumiwe na wanawake wenziwe, hakuna aliyemcheka. Tuliporejea nyumbani, alipigiwa simu kuulizwa kidonda kinaendeleaje. Mwaka uliofuata akataka kurudi huko huko kupimwa, ilhali kipimo chenyewe kinapatikana hapa Mombasa.

Nilipomwuliza sababu alinijibu: "Mwanangu, kule niliitwa kwa jina langu."

Nikaikumbuka hospitali moja ya hapa kwetu tulikoanzia. Tulifika alfajiri, tukaonwa baada ya alasiri, na daktari akaandika dawa bila ya kuinua uso.

Siwalaumu waganga na wauguzi wetu peke yao. Wao ni wachache na wagonjwa ni wengi. Wala sisemi kwamba kule ni peponi. Wapo waliorudi na deni zito kuliko maradhi. Lakini salamu, bei iliyo wazi na kujuliana hali ni vitu visivyoagizwa kwa fedha za kigeni.

Nasi pia ni wenyeji. Wagonjwa kutoka Somalia na Sudan Kusini huja Nairobi kutafuta matibabu, na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi nawaomba wakuu wa hospitali zetu waanze na huyo mwenyeji: aelezwe ugonjwa wake, aambiwe bei mapema, aitwe kwa jina lake.

Siku hiyo ikifika, inshallah, shangazi yangu hatauza kiwanja cha pili.