Mumeo Anarudi na Nini Nyumbani?

Humu tumezoea kuongelea moyo ulioumizwa na mapenzi. Leo tuuongelee moyo wenyewe, ule wa nyama, na jinsi anayekupenda anavyoweza kukuumizia bila kujua.

Chukulia jamaa yako ni fundi wa betri za magari. Kutwa anazipasua, anayeyusha risasi (ya madini, siyo ya bunduki), vumbi linaganda kwenye ovaroli. Jioni mtoto anamrukia, wewe unamkumbatia, kisha ovaroli unaikung'uta na kuifua pamoja na nguo za wote. Risasi imeshahamia kwenu.

Wengi tunajua inadumaza akili za watoto. Tunachosahau ni mishipa ya watu wazima. Mshipa kwa ndani una utando laini. Risasi ikiuharibu, mshipa hautanuki vizuri, presha inapanda, mafuta mabaya yanapenya ukutani. Mwili unatuma chembe nyeupe, askari wetu wa kinga, wakasafishe. Wanameza mafuta mpaka wanavimba, wananasa humo humo na kuzidi kuchochea moto. Siku huo uvimbe ukipasuka, damu inaganda: shambulio la moyo au kiharusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria risasi ilichangia vifo zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2021, vingi vya moyo na mishipa.

Na wewe shosti unayesema "wangu anavuta kidogo tu"? Mtumbaku hufyonza kadimiamu kutoka ardhini, na moshi unaibeba hadi mapafuni. Ikishaingia hukaa kwenye figo miaka mingi. Mwaka 2023 Chama cha Moyo cha Marekani kiliitaja pamoja na risasi na aseniki kuwa hatari kwa mishipa.

Kwa mnaopanga mtoto, hapa msiruke. Risasi hujificha kwenye mifupa miongo kadhaa. Mama akibeba mimba, mifupa inatoa kalisi kwa ajili ya mtoto, na risasi ya zamani inatoka nayo.

Msikimbilie dawa za "kusafisha damu" za mitaani. Hata dripu halisi za hospitali za kuondoa madini, zilipojaribiwa Marekani na Kanada kwa wagonjwa wa kisukari waliowahi kupata shambulio la moyo, zilipunguza risasi kwenye damu lakini hazikupunguza mashambulio. Matokeo yalitoka 2024.

Basi muongee, lakini siyo kwa kufokeana, maana hiyo kazi ndiyo inalipa kodi ya nyumba. Aoge na kubadili nguo huko huko gereji, viatu vya kazi visivuke mlango, ovaroli ifuliwe peke yake. Sigara kuacha tu, hapo sina lugha tamu. Na zile sufuria za alumini chakavu za kicheni pati? Nyingine hutoa risasi, hasa kwenye vyakula vichachu. Mchuzi wa ukwaju upikie kwenye ya stili.